Kanga Iliyopigwa Dawa

Huzuni ilikuwa imeshahesabiwa kuwa sumu, na kila aliyefanya kazi ya kuhamisha vitu vya marehemu alivaa beji kifuani. Beji ililia kila huzuni ilipotoka kwenye kitu na kumwingia. Ikizidi, inakuwa nyekundu, na huruhusiwi tena kuingia nyumba ya msiba.

Ya Shaweji iligeuka nyekundu alipobeba kitanda cha mtoto wa watu asiowajua. Wiki iliyofuata akafiwa na mkewe, Mwanaidi.

Basi akakaa juu ya tofali nje ya nyumba yake mwenyewe, akiwatazama wenzake wakitoa masufuria, mkeka, na viatu Mwanaidi alivyoolewa navyo.

"Chausiku, mwanangu," alimwita binti aliyefundishwa kazi naye. "Kanga yake ya kulalia iko kitandani, chini ya mto. Niletee."

Chausiku akakawia ndani. Alipotoka, alimkabidhi mfuko uliofungwa barabara, kwa mikono miwili.

"Nimeipiga dawa ya kutoa huzuni mara mbili, baba, kama ulivyonifundisha. Haina hata harufu."

Shaweji akaufungua mfuko, akajifunika kanga usoni, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema.

Beji kifuani haikulia. Haikupata cha kupima.