Zege Halilali

"Jaza tena," Marie-Claire alimwambia fundi. "Niko naona maji inapungua."

Maji hayakuwa yanapungua. Gadiel, fundi wa Kitanzania, alikuwa ameziba ncha za mabomba ya majitaka, akayajaza maji na kuyaacha hadi kila mtu akaridhika kwamba hayavuji. Kilichobaki kilikuwa kumwaga sakafu juu yake. Lakini mama mwenye nyumba aliamka na ubishi, na tangu asubuhi hakuna bomba lililompendeza.

Nyumba ilikuwa inajengwa kwenye mteremko, huko Cato Manor, jijini Durban. Chumba hicho cha chini, kilichochimbwa ubavuni mwa kilima, kilikuwa cha mama yake Apollinaire, mume wa Marie-Claire. Bibi alikuwa safarini kutoka Uvira, Kongo, pamoja na mjukuu wake, Grâce, binti yao waliyemwachia walipokimbia vita. Magoti ya bibi hayakuwa yanapanda ngazi tena, kwa hiyo mlango wake uliachwa bila kizingiti, na sakafu ya bafu ingeinama kidogo kuelekea kwenye tundu la maji. Na kwa kuwa chumba kilikuwa chini kuliko bomba la barabarani, na uchafu haupandi mlima, walichimba pia shimo la pampu. Marie-Claire na mumewe waligombana sana juu ya kila kona, maana bomba likishafunikwa na zege, kulihamisha ni kubomoa nyumba.

Kabla ya chai ya asubuhi hiyo, Pasteur Cyprian, mchungaji wao, alimpigia Marie-Claire simu. Mama mkwe wake amefariki njiani. Asimwambie mumewe. Amshikilie pale kwenye ujenzi mpaka wazee wa kanisa wafike. Marie-Claire aliuliza juu ya Grâce, akajibiwa kwamba mtoto yuko na watu wa kanisa huko huko, asiwe na wasiwasi.

Kwa watu wa kwao, mwenye damu yake haambiwi msiba kwa simu. Mkwe anaweza kudokezwa, ili asaidie kuandaa. Mtoto wa marehemu, hapana. Wazee hufika pamoja, mfiwa huketishwa, akashikwa, ndipo habari inatolewa. Kumwambia mtu akiwa peke yake na chepeo mkononi ni kumuua na yeye.

Basi Marie-Claire akawa anatengeneza kazi. Alimwomba mumewe azime simu, eti mlio unamuumiza kichwa. Apollinaire akaizima bila kuuliza. Hilo pekee lingetosha kumshangaza mtu, maana kwa ubishi hakuwa na mwenzake Durban nzima. Kisha akachukua na simu ya mkewe, akaitia mfukoni, akasema itaanguka kwenye maji. Marie-Claire alimshukuru Mungu. Sasa hakuna wa kuwafikia.

"Chérie, toka kando ya hiyo shimo," mumewe akamwambia. Akamletea kiti, akamwomba alinde kiwango cha maji, kana kwamba maji ni mbuzi watakaotoroka.

Akaketi kuyalinda huku moyo ukimuuma. Alimpenda yule mama. Alimtazama mumewe akipima urefu wa kitanda cha mtu ambaye hatalala hapo, akajilaumu kwa kumwacha apime. Chakula alichomletea kilipoa bila kuguswa. Alidhani ni vumbi limemkata hamu.

Mchana ulipokwisha, uvumilivu wa Gadiel nao ukaisha. Mchanga, kokoto na saruji vilikwisha kuchanganywa.

"Shemeji," alisema, "zege halilali. Kama hatumwagi, niambieni nikalitupe."

Marie-Claire alilitazama lile zege. Wakimwaga, kitakuwa chumba cha bibi milele, na bibi haji. Wasipomwaga, mumewe atauliza kwa nini.

"Mwaga," Apollinaire akasema.

Akashika mwiko mwenyewe. Kwenye kona palitokeza bomba jembamba la sinki dogo, ambalo Grâce aliliomba kwenye simu akidai kwamba bibi akiingia bafuni hatoki. Apollinaire alipiga magoti hapo, akawa analainisha zege kulizunguka kwa kiganja, akarudia na kurudia, mpaka Gadiel akamkumbusha kwamba sakafu bado ni pana. Marie-Claire aligeukia ukuta akalia kimya kimya. Hakutaka amwone.

Walikuwa wanamalizia mlangoni wakati kombi iliposimama barabarani. Wazee waliteremka, Pasteur mbele, na nyuma yao akina mama wa kanisa, wengi kuliko Marie-Claire alivyotegemea. Alimsogelea mumewe haraka. Alitaka awe wa kwanza kumdaka akianguka.

Apollinaire aliosha mikono kwenye ndoo, taratibu, kidole kwa kidole. Halafu akavuta kiti, akakiweka nyuma ya mkewe.

"Kaa," alimwambia.

Akina mama walimpita Apollinaire. Wakamzunguka Marie-Claire, mmoja akamshika mabega, mwingine akampigia magoti na kumkamata mikono yote miwili.

"Haiko mimi," Marie-Claire alimnong'oneza Pasteur, akimwonyesha mumewe kwa macho. "Ni yeye. Hajajua kitu."

"Minajua yote tangu asubuhi," Apollinaire akasema. "Walinipigia kutoka njiani."

Pasteur alivua kofia, akachutama mbele ya kiti.

"Mama Grâce," alisema, "bibi hakuenda peke yake."