Wabwire Ajikana

Nyuma ya ukumbi wa Kaloleni, umati ulikuwa umemzingira mtu aliyemdunga kisu mdogo wa Wabwire hadi akafa. Sikio moja la mtu huyo lilining'inia kwa ngozi nyembamba, naye alikuwa bado anaomba maji.

Kaka mkubwa akamkabidhi Wabwire jiwe. "Anza wewe. Marehemu ndiye aliyekufuata kuzaliwa."

Tangu abatizwe mwezi wa pili, Wabwire alidhani kujikana ni kuacha pombe tu. Akaliachia jiwe, akamlalia yule mtu kifuani kumkinga. Damu ikalowesha shati lake.

"Wabwire, toka hapo! Wewe ni wetu!"

"Mimi si wenu tena, kaka."

Kaka alimtazama, machozi yakimtiririka. Kisha akawageukia wenzake.

"Basi ni wawili," akasema.