Marehemu Bibi na Koti la Rangi ya Haradali

Kabla hata ya mapumziko ya kahawa, mabibi wanne walikuwa wameshakufa.

Wa kwanza alikufa kwa ajili ya gauni la lesi. Wa pili kwa suruali yenye mifuko mingi, maana marehemu, kwa maelezo ya mjukuu wake, alikuwa mtu wa siri. Wa tatu na wa nne walifia masweta, na yule wa nne aliteseka zaidi, kwa hiyo mjukuu wake akatoka na alama nyingi.

Fien alikaa koridoni, pale chuo cha mitindo cha Antwerp, Ubelgiji, koti lake magotini, akisikiliza vifo hivyo kupitia mlango. Ilikuwa siku ya wabunifu wa mwaka wa mwisho kuwaeleza majaji kilichowasukuma kushona walichoshona. Mwaka jana Fien alisema ukweli: aliipenda rangi, basi. Wakamfelisha. Akifeli na leo, hakuna kurudia tena. Atarudi sokoni kwa baba yake, akauze kome.

"Bibi yako alikufa kwa ugonjwa gani?" aliuliza Wout, mwenzake wa darasa, akijifunga tai nyeusi.

"Mapafu."

"Mapafu mazuri. Yanakwenda taratibu. Mimi nimesema moyo, sasa hadithi yangu inaisha haraka."

Wout akaitwa ndani.

Wazo lenyewe lilikuwa la bibi. Wiki iliyopita, jikoni kwake, mjini Mechelen, Fien alikuwa akilia juu ya sahani ya chipsi. Bibi Lutgard akajifuta mayonesi, akapaka upya rangi ya midomo, akasema, "Basi niue mimi, mjukuu wangu."

"Bibi!"

"Si wenzako wote wanaua? Ila nife kwa jina langu kamili, usinipe jina la kubahatisha. Na ile kadi ya maziko, picha nachagua mwenyewe. Weka ile ya harusi ya shangazi yako Griet, ambayo ninaonekana nina kiuno."

Kadi ilikuwa lazima. Mtu akifa kwao, watu hugawiwa kadi kanisani, picha mbele na sala nyuma, na mjukuu asiye na kadi haaminiki. Fien akachapisha moja. Walipokuwa wakichagua sala, simu ya bibi haikutulia. Kila ikilia anaitazama, anacheka peke yake.

"Nani huyo, Bibi?"

"Watu wangu wa dansi ya Jumanne. Kula chipsi zako, zinapoa."

"Na siku yenyewe usije Antwerp, tafadhali."

"Maiti aje kufanya nini?"

Mlango ukafunguka. Wout akatoka macho mekundu, akijifuta kwa tai.

"Wamelia?" Fien akauliza.

"Wamelia. Na mimi nimelia, na bibi yangu yuko likizo Uhispania."

Fien akavuta pumzi, akaingia.

Majaji walikuwa watatu. Wawili walikuwa wamechoka kama watu waliotoka maziko matano bila kula kitu. Mkuu wao tu, Bwana Gaston, mzee aliyeshona kofia maisha yake yote, ndiye aliyekuwa na furaha. Alikuwa amechomeka ua kwenye koti lake, na simu yake aliificha chini ya meza, akiichungulia na kutabasamu.

"Haya binti," alisema. "Tueleze. Mbona mikono ya koti inafika magotini?"

Ukweli ni kwamba Fien alikosea kupima, na alipogundua, aliona uvivu kuipunguza.

"Ni mikono ya bibi yangu," akasema. "Siku zake za mwisho alininyooshea mikono pale kitandani, haikunifikia. Mimi nikairefusha."

Jaji wa kike akatafuta leso.

"Na hii rangi ya haradali?"

"Alikuwa anaumwa mapafu, Bwana Jaji. Kila alipokohoa..."

"Basi, basi, mwanangu," Bwana Gaston akamkatiza, sauti imelainika. "Usijitese. Mimi mwenyewe mgane, nayajua haya. Nilidhani nimekwisha. Lakini moyo unachipua tena, niamini mimi, hata kwa umri huu." Akapangusa macho, akaandika alama. Fien aliichungulia ile alama kichwa chini miguu juu. Ilikuwa ya juu kuliko zote.

"Kadi yake unayo?"

"Ninayo." Akampa.

Bwana Gaston akavaa miwani. Akaitazama picha. Akageuza, akasoma sala. Akageuza tena, akaitazama picha kwa karibu zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa kile kiuno. Uso ukampauka. Jaji wa kike akamsogezea maji, akidhani mzee amezidiwa na huruma.

"Amekufa lini huyu?"

"Februari, Bwana Jaji. Alfajiri. Alikwenda kwa amani sana."

"Februari," Bwana Gaston akarudia polepole.

Akachukua simu yake, akabonyeza, akaiweka kwenye spika katikati ya meza. Iliita kidogo tu, ikapokelewa.

"Lutgard," alisema, "niko mbele ya mjukuu wako. Anasema tangu Februari umeshazikwa. Sasa mimi Jumamosi nilimvisha nani pete ya uchumba?"

Fien akalikumbatia koti lake.

"Acha maneno mengi, Gaston," ilisema sauti ya marehemu. "Mtoto amefaulu, au nimekufa bure?"