Siku Mia za Ranadhir

Ranadhir aliporuka kutoka juu ya treni, pikipiki na yote, Kotayya alipiga mluzi. Ukumbi wa sinema ulimjibu kwa mwangwi. Akangoja kidogo, labda mtu angepiga makofi. Pangaboi lililia darini, na popo mmoja akahama pembe.

Viti vyote vya mbele vilikuwa vimeuzwa. Havikuwa na mtu.

Kotayya alijifuta uso kwa kitaulo cha begani. Alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu mzima mwenye goti bovu, na tena mwenyekiti wa mashabiki wa Ranadhir hapa Repalle. Cheo hicho kilimtaka aje onyesho la mchana kila siku na kupiga mluzi panapostahili mluzi. Picha yenyewe ilikuwa imemtokea puani. Alijua shujaa atalia wapi, mama wa shujaa atakufa wapi, na yeye mwenyewe atasinzia wapi.

Lakini alikuwa ameyaweka rehani masharubu yake.

Siku ya kwanza, watu wakikanyagana mlangoni na vijana wakilimwagia maziwa, kama sanamu ya mungu, bango la Ranadhir lenye urefu wa mnazi, Kotayya alisokota masharubu mbele ya mji mzima, akatangaza kwamba picha hii itatimiza siku mia bila kushushwa. Isipotimiza, atayanyoa hadharani. Pullarao, fundi cherehani aliyemwoa dada yake, mwenyekiti wa mashabiki wa Bhupal, nyota mpinzani, naye akasokota ya kwake: ikitimiza, anyolewe yeye. Kwetu mwanamume anaweza kukosa shamba na bado akasalimiwa. Akikosa masharubu, anaulizwa baba yake amefariki lini, maana wanaoyanyoa ni wafiwa.

Kufika wiki ya tatu, mji ulikuwa umeshaiona picha na kuisahau. Kunguru alijenga kiota begani kwa bango. Mzee Seshayya, mwenye ukumbi, na ukumbi wenyewe ndio huo mmoja tu, alisema yeye hana ugomvi na mtu: viti vikinunuliwa, picha inakaa, visiponunuliwa, inaingia mpya ya Bhupal, inayosubiri zamu. Kotayya na wenzake wakajichanga, wakanunua viti vitupu kama mashabiki wafanyavyo kila mahali, mpaka wenzake wakaanza kumkwepa njiani na yeye mwenyewe akaishiwa. Usiku akalala akiyapapasa masharubu kama anayeaga mgonjwa.

Asubuhi akaambiwa viti vimeuzwa. Kesho yake vikauzwa tena. Mkatisha tiketi alisema pesa zinaletwa na muuza chai, na muuza chai akiulizwa katumwa na nani, anamimina chai. Kotayya aliamua ni ofisi ya Ranadhir kule Hyderabad. Nani mwingine?

Nyumbani alijaribu kujigamba. "Chema chajiuza," alimwambia mkewe.

Mangamma alikuwa anasaga chatini ya nazi, na hakuinua kichwa. "Hicho kimeuziwa nani? Jana nimepita pale, mlinzi amejilaza kwenye viti vya ghorofani."

"Watu wanalipa bila hata kuingia, Manga. Kuna sifa inayopita hiyo?"

"Ipo. Kuingia."

Kotayya akachukua kitaulo chake, akaenda ukumbini. Kila mchana, peke yake gizani, lilimrudia swali lilelile: kama picha nzuri ni ile inayodumu, mbona yeye, aliyempenda Ranadhir tangu hajaota hata hayo masharubu, alikuwa anaomba umeme ukatike?

Utani wa Pullarao nao ulikuwa umepoa. Zamani hakupita kibanda cha chai bila kumchoma, kwamba hata inzi wameuhama ukumbi wenu, shemeji, wanaona aibu. Tangu aliporudi kutoka arusini Hyderabad, alikuwa anakaa kimya na kukonda. Wenzake walimuuliza kama ni kweli picha mpya ya Bhupal inatikisa mji kule. Akasema watu wamejaa mpaka barabarani. Kisha akaagiza chai nyingine. Kotayya alimhurumia. Mtu anayeuona wembe unamjia, atatania nini?

Siku ya mia ikafika. Zikapigwa ngoma, Seshayya akavishwa shada la asumini, na vijana waliokuwa wamejificha miezi miwili wakajitokeza kifua mbele kusema wao walijua tangu mwanzo. Kinyozi aliweka kiti chake mbele ya ukumbi. Watu walitegemea Pullarao atakimbia. Alikuja kwa miguu yake, akaketi, akainua kidevu kama mtu aliyechoka kusubiri zamu.

Wembe ulipomaliza, mdomo wake wa juu ulibaki mweupe, wa kitoto. Umati ulicheka mpaka ngoma zikanyamaza. Kotayya alifungua kinywa acheke, kicheko kikakataa. Huyu ni mume wa dada yake. Usiku huu atakula akiwa ameinamia sahani.

Aliinama sikioni kwake. "Nisamehe, shemeji. Bora yameisha. Ijumaa mzee anaweka ya Bhupal, na mimi nikalale."

Pullarao alimshika mkono kwa nguvu, kama mtu aliyeteleza kisimani.

"Viti nimeshalipia mpaka mwisho wa mwezi ujao," alinong'ona. "Nakuomba, shemeji, isishushwe. Ile yetu mpya mimi nimeiona kule Hyderabad. Bora wembe."