Mkono wa Rubani

Uvumi ulimganda Bi Mwanahawa: upepo wa ubavuni hugeuza ndege ndogo kama chapati. Basi mwanawe Shaweji, rubani, alipompakia ndegeni, mama alikaa naye mbele ili amlinde.

Walipokaribia kutua, ndege ikaenda upande kama kaa, pua ikielekea makaburini.

“We Shaweji, uwanja uko kule!” Mama akamshika mkono.

“Nauona, mama. Naelekeza pua kwenye upepo usitusukume. Niachie mkono!”

“Makaburini hunipeleki!” Akafumba macho, akamvuta.

Wakaishia kwenye shamba la mihogo, wazima, gurudumu moja likiendelea na safari peke yake.

“Nimekuokoa,” alisema mama, akitema majani.

Jamani, ndegeni msimshike rubani mkono. Msimwelekeze njia huku mmefumba macho. Na mihogo mliyoing’oa, msiitafune kabla mwenye shamba hajafika.