Waliokunywa Maziwa

"Nilikunywa, tena nikaongezewa," jirani mmoja alijibu, akimtazama Nyiraneza, mama wa bibi arusi, badala ya kunitazama mimi mtafiti.

Nilikata tamaa. Waliolazwa kwa kuhara baada ya harusi ile ya hapa Ndera wote walikunywa maziwa. Lakini hata wazima niliowahoji ili kulinganisha, hapo hapo sebuleni kwa Nyiraneza, walisema walikunywa. Basi sumu ilikuwa kwenye kitu kingine.

"Maziwa hayana kosa, mama," nilisema.

"Si nilikwambia? Ng'ombe yangu iko safi!" Akacheka, akatumiminia vikombe. Huku, kukataa maziwa ya mtu ni kumtukana usoni. Nilikunywa yangu yote.

Jirani aliinua chake. Maziwa yaligusa midomo, lakini koo halikusogea. Akakishusha kikiwa kimejaa vilevile, akajifuta mdomo. "Asante, mama. Matamu sana."

Nyiraneza alipoenda jikoni kuleta mengine, nilimwinamia jirani. "Na siku ya harusi ulikunywa hivi hivi?"

"Sisi majirani tunajua ile ng'ombe iko mgonjwa," alinong'ona. "Wote tulikunywa hivi." Kisha akatazama kikombe changu kitupu.