Ufunguo wa Akiba

Ufunguo wa kufuli nililofungia swichi kubwa ya umeme baada ya kuizima ulikuwa mfukoni mwangu, lakini feni ya ofisini ilianza kuzunguka. Nilikuwa juu ya ngazi. Mkono niliokuwa nimeutoa kwenye nyaya ili nifute jasho ulibaki hewani, vinyweleo vimesimama.

Nikashuka. Msimamizi wetu, kaka yake mke wangu, alikuwa kando ya swichi, ameshika ufunguo wa akiba.

"Shemeji, bosi analalamika joto. Kwani umekufa?"

"Dada yako ungemwambia nini? Kwamba bosi alisikia joto?"

"Punguza jazba. Kazi ni kazi."

Nilimpokonya ufunguo, nikazima, nikafunga kufuli. Kisha nikamtia koleo langu mkononi.

"Haya, panda wewe. Funguo zote nitashika mimi."

Aliitazama ngazi, hakuinua mguu.